Mcheza Kwao Hutuzwa: Nani Atanunua Kazi ya Fundi wa Lamu?

Juma lililopita nilialikwa arusini katika mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mpya, udi wafukizwa ukumbini, na watoto wamejaa mlangoni wakingoja halua. Baba wa bibi arusi, ambaye tulisoma naye chuo kimoja utotoni, alinishika mkono akanipeleka kutazama chumba alichomtengenezea binti yake, kabla hajaingizwa mwenyewe. Kitanda kizuri, mapazia mazuri, na juu ya kitanda picha kubwa yenye fremu ya plastiki inayong'ara kama dhahabu. Picha yenyewe ilikuwa ya mlima wenye theluji, ziwa la buluu na kijumba cha mbao kando ya misonobari.

"Imetoka Mombasa hiyo, bwana," akaniambia. "Shilingi elfu sita."

Nikasema mashaallah, kwani arusini hakusemwi jingine.

Nilipotoka, hata hatua hamsini sikutimiza, nikapita kibarazani kwa kijana mmoja fundi wa nakshi. Alikuwa ameketi chini, patasi mkononi, na ukutani nyuma yake imening'inia fremu ya kioo ya mbao ya mbambakofi, imechongwa maua na misokoto ya kwetu pembe zote nne. Nikamuuliza bei. Akasema elfu nne, na akiona mteja mwema hupunguza. Nikamuuliza imekaa hapo tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani.

"Arusi ya hapo jirani huna habari nayo?" nikamuuliza.

"Ninayo, ami," akajibu bila ya kuinua macho. "Lakini hakuna aliyeingia hapa. Nyinyi wenyeji mwapita tu. Mimi nangoja boti ya wageni."

Ndugu msomaji, neno hilo la "mwapita tu" ndilo lililonitoa usingizi, na ndilo lililonikalisha leo niandike. Kijana yule hakusema uwongo. Tunapita. Twajivunia Lamu mbele ya kila mgeni, twasimulia kwamba Mji Mkongwe wetu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, lakini ukimwuliza mmoja wetu ni lini mara ya mwisho aliponunua kwa pesa zake kazi ya mkono wa fundi wa Lamu aliye hai, atainama akune kichwa.

Tafadhali mtu asiniambie kwamba sababu ni ufukara. Ufukara upo, siukatai. Lakini yule baba wa arusi alitoa elfu sita kwa karatasi iliyopigwa chapa kiwandani, ambayo nakala zake zimetundikwa katika hoteli za chai na vinyozi kutoka Kismayu mpaka Tanga, akaiacha ya elfu nne ambayo duniani haina pacha. Pesa alikuwa nazo. Alichokosa ni mazoea ya kuiona kazi ya jirani yake kuwa ni kitu cha kununuliwa.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Ingia leo katika nyumba yoyote ya kale pale Mkomani ambayo haijabomolewa, utazame ndani zidaka zilizopangwa ukutani safu juu ya safu, na nakshi za chokaa zilizokatwa kwa kisu na mkono mtulivu. Tazama milango yake na mfaa wa katikati uliochongwa juu mpaka chini. Tazama viti vya enzi vya mpingo vilivyotiwa mapambo ya mifupa. Nani aliyelipia vitu hivi? Havikulipiwa na mtalii, kwani hapakuwa na mtalii. Vililipiwa na watu wa Lamu, wa Pate, wa Siyu, kwa mali yao wenyewe. Siyu ilisifika kwa kazi za ngozi, na kwa waandishi walionakili Misahafu na kuipamba kwa wino wa rangi. Pate ilifuma hariri. Matondoni mpaka leo yaunda majahazi na kusuka mikeka. Soko la kwanza la kazi hizi lilikuwa hapa hapa nyumbani. Fundi alimjua aliyemwagiza, na mwenye mlango alimjua aliyemchongea, na hata watoto wa mtaani waliweza kukuambia mlango ule ni wa mkono wa nani.

Nichukue mfano wa mtu mmoja tu. Muhamadi Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855 akafariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi wa mashairi, mpiga ala, mchonga milango, na mwandishi wa khati ambaye mkono wake hautafutiki. Wataalamu wa Kizungu walipoanza kuzitafuta tendi zetu, yeye ndiye aliyewanakilia. Alice Werner alifanya kazi naye, William Hichens alimwandikia barua akimwagiza, na katika miaka ya 1930 Ernst Dammann akaja Lamu akakaa naye. Kazi nyingi alizoandika Kijuma kwa mkono wake leo ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na nyingine ziko Ujerumani. Mwaka 2010 wanazuoni wawili, Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, walichapisha huko Ujerumani kitabu kizima juu ya maandishi yake.

Simlaumu aliyenunua. Lau si wao, huenda karatasi zile zingeliwa na mchwa, na pengine leo tusingekuwa na cha kusoma. Basi lawama naigeuza upande wetu. Mji uliokuwa na mtu kama huyo, leo mwanafunzi wake akitaka kuziona karatasi zake yambidi aombe ruhusa ya nchi nyingine. Mnunuzi ndiye anayeamua kitu kitalala wapi. Sisi tuliposhindwa kuwa wanunuzi, tuliamua vitu vyetu vilale mbali.

Yako pia madhara ya karibu zaidi, na haya ni ya tumbo. Kazi ya sanaa ya Lamu imeachiwa isimame kwa mguu mmoja, na mguu huo ni mgeni. Tumeona mara tatu katika muda mfupi mguu huo ukiteleza. Mwaka 2011 wageni walipotekwa nyara katika visiwa vyetu, ndege zikaja tupu. Mwaka 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, ikafuata amri ya kutotoka usiku kwa miezi. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, safari zikasimamishwa, na usita mkuu wa Lamu ukawa wa punda na paka. Kila mara maduka ya sanaa yalifungwa, na mafundi wakaweka patasi chini. Wako vijana niliowajua kwa majina, wachongaji na wachoraji hodari, ambao baada ya miezi ile hawakurudi tena kazini. Mmoja sasa aendesha pikipiki barani. Mkono uliofundishwa kwa miaka saba unashika usukani, na hapana ubaya katika riziki ya halali, lakini fundi hapatikani dukani kama sukari, ukimpoteza umepoteza.

Lau kila nyumba kumi za Lamu zingekuwa zanunua kitu kimoja kwa mwaka, wale vijana wasingetajirika, lakini wasingevunjika. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena mgeni akiwa ndiye mnunuzi wa peke yake, kazi nayo humfuata yeye. Tazama yaliyopata picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli na mbao laini za kuezekea dari, akachora wanyama na ndege kwa namna iliyokuwa yake peke yake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Wamo humo wachoraji wa kweli hata leo. Lakini kwa kuwa watalii waliipenda, mitindo ile ikaigwa na kuigwa tena, hata leo kila pwani utakayokwenda, Unguja, Malindi, na hapa kwetu, utakuta twiga yule yule na chui yule yule, hakuna ajuaye nani amemchora. Nami nimeona Lamu mchoraji mwenye kipaji akichora jahazi moja, tanga moja, machweo mamoja, siku mia kwa mwaka, kwa sababu ndilo linalouzika. Nilipomwuliza kwa nini hachori soko la samaki au maulidi au wazee wa bao, akanambia, "Nani atanunua?" Huyo amefungwa kamba na mteja wake. Na anayeweza kumfungua ni mteja mwingine, ambaye machweo ya jua ameyaona tangu azaliwe, na sasa ataka kitu kinachomkumbusha marehemu babake.

Najua yako majibu ambayo wenzangu watanirudishia. Nayataja mwenyewe nisije nikaambiwa nimeyakimbia.

La kwanza ni la dini. Wako wanaosema kwamba picha za viumbe wenye roho hazifai kutundikwa ndani. Mimi nimekulia chuoni, nimefutishwa ubao na kuandika upya kwa wino wa masizi na kalamu ya mwanzi, najua masala haya wanavyuoni wameyajadili, na sitamlazimisha mtu jambo ambalo moyo wake haukutulia nalo. Lakini masala hayo hayamfungii mtu mlango wa sanaa. Nakshi za maua na misokoto, je, zina roho? Khati nzuri ya aya au ya beti za utendi, mlango uliochongwa, mkeka wa rangi, kofia ya vito iliyoshonwa kwa sindano miezi mitatu, picha ya jahazi au ya usita mtupu wakati wa adhuhuri, vyote hivi vimo. Kwa hakika sanaa ya wazee wetu ilishika njia hii hii. Na yule mwenye mlima wa theluji ukutani kwake asije akanambia ni dini iliyomzuia asinunue nakshi za Lamu.

La pili husema, "Maduka yale si yetu." Na hapa nawapa haki yao wenyeji. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia katika duka moja la sanaa hapa pwani, sitalitaja, nikiwa na kanzu yangu na makubadhi yangu. Msaidizi akanitazama juu chini, akanambia, "Mzee, hizi ni za watalii." Nikauliza bei, akanitajia kwa dola. Nilitoka nikiwa nimejaa hasira, na miaka miwili sikuingia duka la sanaa tena. Enyi wenye maduka, nawasihi kwa wema: andikeni bei, na muiandike kwa shilingi. Andikeni jina la aliyefanya kazi, kwani kazi isiyo na jina ni yatima. Na mwenyeji akiingia, mkaribisheni kahawa kama mnavyowakaribisha wengine. Hata asiponunua leo, ana arusi ya mwanawe mwakani.

La tatu ni bei. Ni kweli kwamba viko vitu vya laki na zaidi, na fundi aliyechonga mlango mzima kwa miezi minne anastahili laki zake. Lakini haianzwi na mlango. Mimi mwaka juzi nilinunua picha ndogo, kimo cha daftari, iliyochorwa juu ya kipande cha tanga kuukuu, upande mmoja yaonekana bado mishono ya baharia. Kijana alitaka elfu mbili na mia tano. Sikuwa nazo kwa pamoja. Nikamwambia, mwanangu, nitakulipa kwa mafungu matatu, uniwekee. Akakubali, akaiweka kando na kuandika jina langu nyuma yake. Siku ya fungu la mwisho alinitolea na juisi ya ukwaju. Picha hiyo iko ukumbini kwangu. Kila mgeni aingiaye huiuliza, nami humweleza ni ya nani, yuko wapi, amezaliwa mtaa gani. Jambo hili mlima wa theluji hauwezi kulifanya.

Kwa yule atakaye kuanza, nampa machache niliyojifunza kwa kukosea. Nenda mwenyewe barazani kwa fundi, ukae, umtazame akifanya kazi, kwani mkono ukiuona huwezi kudanganywa tena. Picha ya mkono ina rangi iliyoinuka hapa na kulala pale, na ukiigeuza nyuma waona kitambaa kimeionja rangi. Ya chapa ni bapa kama gazeti, na ukiitazama kwa karibu sana waona vidoto. Nakshi ya patasi haziwi sawasawa mia kwa mia. Ua la kulia laweza kuzidi la kushoto kwa upana wa ukucha, na hilo si kosa bali ndiyo sahihi ya mkono. Uliza mbao ni ya mti gani, na kama ilikaushwa vyema, kwani mbao mbichi hupasuka ikifika kiangazi. Taka jina la fundi na mwaka viandikwe nyuma. Bei shindaneni kwa adabu, lakini usimvunje mtu kwa vile wajua leo hana unga.

Na kitu kimoja usinunue: usinunue kilichong'olewa. Mlango wa kale, ubao wa dirisha la nyumba iliyoanguka, sahani iliyobanduliwa kidakani. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1970, nyumba ya pili yetu walikuja watu wakaondoka na jozi ya milango, na pahali pake pakatiwa mabati. Nakumbuka yule bibi mwenye nyumba akisema, "Sasa hata upepo haubishi hodi." Leo iko Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inayolinda vitu vya kale na kuzuia visitolewe nchini bila ya kibali. Kununua kipya humlisha fundi. Kununua kilichong'olewa huuvua mji nguo.

Kama wadhani kununua sanaa ni ada ya Wazungu tu, mkumbuke Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya katika mwaka 1966. Huyo alinunua vitabu, vitambaa, vinyago na picha za Kiafrika maisha yake yote, na leo mwananchi yeyote akifika Nairobi aweza kuviona vingi vyao katika jengo la Nyaraka za Taifa. Si kila mtu ni Murumbi. Lakini hata nyumba yenye vitu vitatu vya asili ni makumbusho ndogo kwa wajukuu.

Wakubwa pia wana sehemu yao. Ofisi za kaunti, benki, mahospitali na nyumba za wageni zilizojaa mjini na Shela, zote zina kuta. Nimeingia ofisi zaidi ya moja nikakuta picha za kalenda. Kama kila ofisi ya umma hapa ingetakiwa inunue kazi ya msanii wa visiwa hivi, na kuandika jina lake chini, fundi angepata ujira na mwananchi angejifunza kutazama wakati angojapo foleni. Kila mwaka Tamasha la Utamaduni la Lamu huja na mashindano yake ya majahazi na punda, na tangu mwaka 2011 wachoraji wa Kenya na wa Ulaya wamekuwa wakikutana Shela mara kwa mara katika tamasha lao. Hayo ni mema. Lakini tamasha ni siku chache, na fundi ana siku 365 za kula.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Wakasema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Jana jioni nilirudi barazani kwa yule kijana wa nakshi. Fremu ya kioo ingali ukutani. Nimempa elfu moja ya kutangulia, aniwekee, kwani mwanangu wa mwisho naye ana posa. Aliinua macho mara hii. Basi nami namalizia kwa beti mbili, nikimtunukia yeye na wenzake:

Kidaka cha ukutani, hakina kitu asili,
Na fundi yuko dukani, amekaa hana hali,
Wauliza kuna nini? Jawabu ulikabili:
Kinunue cha jirani, kisijekuwa cha mbali.

Mgeni akiondoka, huwaje mji wa Lamu?
Milango ikifungika, patasi ziwe na hamu,
Ni wakati kuamka, tununue zamu zamu:
Kinunue cha jirani, kisijekuwa cha mbali.